Karatasi inajuaje sukari? Maswali kutoka benchi la kliniki, Tanga

Kila asubuhi nikipita kwenye benchi la wanaosubiri vipimo, hapa Ngamiani, sikosi kuulizwa jambo. Majuzi nilimwamkia bibi mmoja. Aliitikia marahaba, akanyooshea kidole stripu ya mkojo niliyoshika: "Mwanangu, hicho kikaratasi ndicho kinachojua maradhi yangu?" Nilipomjibu, wengine nao wakasogea.

Karatasi inajuaje kama kuna sukari?

Karatasi yenyewe haijui kitu, bibi. Kazi yote inafanywa na dawa zilizokaushwa juu yake. Mojawapo ni kimeng'enya, yaani kichocheo cha mabadiliko ya kikemikali, kinachoshughulika tu na glukosi, ndiyo hiyo sukari, kisha kinachozalika hapo kinaibadilisha rangi ya dawa nyingine iliyo pembeni. Sisi tunasoma rangi.

Tumesikia kuna karatasi mpya zenye mifereji, hazitaki mashine. Ni kweli?

Ni kweli, na kwa mtu wa pwani si jambo geni hata kidogo. Aliyewahi kutengeneza batiki anajua kwamba palipopakwa nta, rangi haipiti. Na aliyewahi kuwasha koroboi anajua kwamba mafuta hupanda utambi yenyewe, hakuna anayeyasukuma. Unganisha hayo mawili, umekipata kipimo.

Mwaka 2007 kundi la George Whitesides, wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, lilitengeneza mifereji midogo ndani ya karatasi ya kuchujia. Mwanzoni kuta za mifereji zilikuwa za kemikali inayogandishwa kwa mwanga. Kufikia 2009 watafiti walikuwa wanachapa nta kwa printa, kisha wanaipasha karatasi moto hadi nta inazama na kutokea upande wa pili. Ukichovya mguu wa karatasi kwenye mkojo, mkojo unapanda, unafika kwenye njia panda na kugawanyika: huku kuna dawa ya sukari, inageuka kahawia; kule kuna dawa ya protini, inatoka manjano kwenda kwenye buluu. Kipimo chao cha kwanza kilihitaji mikrolita 5 tu za mkojo. Tone moja la kawaida ni kama mara kumi ya hapo.

Mwaka 2008 walionyesha pia kwamba unaweza kuipiga picha karatasi hiyo kwa simu, ukaituma kwa mtaalamu aliye mbali akaisoma. Hapo ndipo ninapomfikiria mhudumu wa zahanati ya kijijini huko Pangani siku umeme umekatika. Ila nisiwadanganye: vingi vya aina hii bado viko mikononi mwa watafiti. Mnavyovijua nyinyi, yaani stripu ya mkojo, kipimo cha mimba na kile cha haraka cha malaria, ni ndugu zake waliotangulia.

Mimi ni mjamzito, sina sukari. Kwa nini kila nikija mnapima mkojo?

Tunatafuta protini. Baada ya wiki ya 20, protini kwenye mkojo pamoja na presha iliyofika 140/90 au zaidi inaashiria hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Mama anaweza kuwa nayo asijisikie lolote, ndiyo maana tunawasumbua. Lakini stripu ikiwa safi isikufanye upuuze mwili wako. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au ukipata maumivu makali chini ya mbavu, njoo siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Nimemaliza dawa mseto, lakini kipimo cha malaria bado kina mistari miwili. Dawa imeshindwa?

Si lazima. Vingi vya vipimo hivi vinanasa protini inayoachwa na kimelea kwenye damu, na protini hiyo hukaa wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Moshi upo, moto umezimika. Kama homa imerudi, omba damu yako iangaliwe kwa hadubini, na usianze dozi nyingine kwa ushauri wa jirani.

Nikinunua dukani nikapima nyumbani, kuna ubaya?

Ubaya upo kwenye usomaji na utunzaji. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na usome jibu kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Ukikisahau kipimo hadi umalize kupika, mstari unaweza kujitokeza wakati haukuwepo. Mstari wa uhakiki, ule unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, usipotokea, hicho si kipimo tena, hata kama ule mwingine umetokea.

Adui mwingine ni hewa yetu hii ya bahari. Zile punje ndani ya kikopo au pakiti zinanyonya unyevu, msizitupe. Mimi mwenyewe, masika moja, niliacha kikopo wazi karibu na dirisha. Kesho yake baadhi ya stripu zilikuwa zimebadilika rangi kabla hazijagusa mkojo wa mtu.

"Kumbe ni kama biskuti," bibi akasema.

Kama biskuti, bibi. Tofauti ni kwamba biskuti iliyolegea unaijua ukiionja. Stripu iliyoharibika mara nyingi inatoa jibu kama kawaida. Nilikitupa kikopo kizima.