Moshi mweusi siyo hewa ukaa: erosoli ni nini hasa

Kila ikitoka habari ya mabadiliko ya tabianchi, picha ni ile ile: lori bovu au bomba la kiwanda linatema moshi mweusi tii, na chini yake wameandika "hewa ukaa ikiingia angani". Ukishuka kwenye komenti mtu anasema hizo ndo erosoli na erosoli zinaongeza joto duniani, mwingine anamjibu hapana, erosoli ni yale makopo ya kuulia mbu yanayotoboa ozoni, ile gesi ya juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua, na mjadala unaishia hapo huku vitu vitatu tofauti vimeshatupwa kwenye kapu moja. Sasa imezidi, tuliweke sawa.

Erosoli ni chembechembe ndogo sana, ngumu au za majimaji, zinazoelea hewani. Basi. Vumbi la jangwani ni erosoli, chumvi inayorushwa na mawimbi, masizi ya kuni na dizeli, chavua, na salfeti, ambazo zinatengenezeka hewani kutokana na salfa ya makaa ya mawe na mafuta mazito. Unywele wa binadamu una unene wa kama maikromita 70 hivi (maikromita moja ni milimita ukiigawa mara elfu), chembe nyingi kati ya hizi hazifiki hata maikromita 1.

Kuhusu makopo: dawa inayoruka ukibonyeza ni erosoli kweli, hapo hamjakosea. Lakini ozoni haikuharibiwa na zile chembe, iliharibiwa na gesi iliyokuwa inasukuma dawa itoke, klorofluorokaboni. Wanakemia Molina na Rowland walieleza hilo mwaka 1974, na Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa 1987, ndo ikaanza kuziondoa sokoni, kwahiyo kopo la leo linasukumwa na gesi nyingine kabisa.

Tuje kwenye kinachonikera zaidi. Hewa ukaa (kaboni dioksidi) ni gesi na haionekani. Kamera ya kawaida haiwezi kuipiga picha ikitoka kwenye bomba la lori, na hapo ulipo unaitoa puani kila ukipumua na huioni. Ule weusi kwenye picha ni masizi. Hewa ukaa inatoka pia, ndiyo, lakini siyo hiyo unayoiona. Na hii siyo kubishania majina tu, maana vitu hivi viwili vinafanya kazi tofauti kabisa angani. Hewa ukaa inaachia mwanga wa jua upite mpaka chini, alafu inazuia joto linalotaka kurudi juu, na sehemu kubwa yake ikishapanda inabaki huko karne kwa karne, imesambaa dunia nzima karibu sawasawa. Erosoli zenyewe zinaukuta mwanga wa jua wakati unashuka, nyingi zinaurudisha juu kabla haujafika, kwahiyo zinapoza. Na hazikai: siku chache, wiki moja au mbili, mvua inaziosha, ndo maana zinajaa karibu na zinapotoka na kwingine hewa ni safi. Masizi ndo yanaenda kinyume, kwa sababu ni meusi yanameza mwanga na kupasha hewa joto.

Ukitaka kuona kupoza kwenyewe, angalia mlima Pinatubo kule Ufilipino. Ulilipuka Juni 1991, ukarusha juu sana, kule ambako mvua haifiki, salfa dioksidi, gesi inayogeuka salfeti hewani, kama tani milioni 15 au zaidi, na mwaka uliofuata wastani wa joto la dunia ukashuka karibu nusu digrii. Volkano moja tu hiyo.

Ila utamu wote uko kwenye mawingu. Watu wengi wanadhani mvuke ukipoa tu unakuwa wingu, kumbe mvuke unahitaji kitu cha kushika, na kitu chenyewe ni erosoli. Mwanasayansi wa Scotland, John Aitken, alilionyesha hili kwenye miaka ya 1880 kwa vyombo viwili vya kioo: kimoja akaweka hewa ya kawaida, kingine hewa iliyochujwa kwa pamba mpaka vumbi lote likaisha, alafu akaingiza mvuke kote kuwili. Chenye hewa ya kawaida kikajaa ukungu mzito, na chenye hewa safi kikabaki kinang'aa hivyo hivyo, mvuke umo lakini ukungu hamna. Kila tone la wingu unaloliona angani limeanzia kwenye chembe.

Sasa fikiria umeongeza chembe na maji ni yale yale. Matone yanakuwa mengi lakini madogo, na wingu la matone madogo mengi ni jeupe zaidi, kama barafu: pande zima unaona mpaka ndani, ukiisaga inakuwa nyeupe pe na maji hayajaongezeka hata kidogo. Mwanasayansi Sean Twomey ndo aliyeeleza jambo hili kwenye miaka ya 1970, wingu chafu linarudisha mwanga mwingi kuliko wingu safi. Baadaye, 1989, mwenzake Bruce Albrecht akaongeza kwamba matone yakiwa madogo yanachelewa kuungana yawe manyunyu (tone moja la mvua linahitaji kama matone milioni ya wingu), kwahiyo wingu linaweza kuishi muda mrefu zaidi. Ushahidi wa weupe huo uko kwenye picha za setilaiti tangu miaka ya 1960: baharini kwenye mawingu ya chini unakuta mistari mirefu myeupe, kila mstari ni meli imepita chini yake na moshi wake umelibadilisha wingu.

Huku kwetu nako mambo yapo. Mwaka 1999, kwenye msimu wa kaskazi, watafiti wakiongozwa na Ramanathan na Crutzen walikuta upepo ule ule wa kaskazi umebeba ukungu wa kahawia kutoka Bara Hindi na Asia ya Kusini Mashariki, umetanda juu ya Bahari ya Hindi mpaka maeneo ya ikweta, na mwanga unaofika kwenye maji umepungua sana. Alafu kuna moto wetu wa kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba mapori ya miombo yanawaka Angola, Zambia, kusini mwa Congo mpaka Tanzania, na moshi mwingi unasukumwa magharibi hadi Atlantiki, juu ya mawingu meupe ya pwani ya Namibia na Angola. NASA, shirika la anga la Marekani, walirusha ndege humo ndani kati ya 2016 na 2018, kwanza kutokea Walvis Bay, kisha São Tomé. Kinachowaumiza kichwa ni kwamba moshi ule ule ukielea juu ya wingu jeupe unameza mwanga ambao wingu lingeurudisha, unapasha joto, lakini ukishuka ukaingia ndani ya wingu unaongeza matone na wingu linazidi weupe, unapoza. Moshi mmoja, matokeo yanapishana kwa sababu ya mahali ulipo tu, juu ya wingu au ndani yake.

Hapo ndo utaelewa kwanini modeli zinahangaika. Modeli ya tabianchi, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa ya dunia, inaikata dunia vipande, na kipande kimoja mara nyingi kina upana wa kama kilomita 100, wakati mstari wa meli ni kilomita chache na hewa inayopanda ndani ya wingu, ambayo ndo inaamua chembe ngapi ziwe matone, ni mita mia kadhaa tu. Hayo yote lazima yakadiriwe kwa fomula. Alafu kuna swali lingine gumu: kabla ya viwanda hewa ilikuwa na chembe ngapi? Maana chembe mia ukiziongeza kwenye hewa safi zinabadilisha wingu sana, ukiziongeza kwenye hewa chafu tayari hazifui dafu, na mwaka 1750 hakuna aliyekuwa anahesabu.

Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, inasema tangu huo mwaka 1750 hewa ukaa imeongeza nishati ya kama wati 2.16 kwa kila mita ya mraba, na erosoli zote kwa pamoja, masizi yakiwemo, zimepunguza wati 1.1, ila zinaweza kuwa popote kati ya 0.4 na 1.7. Mtu akiona pengo hilo anasema "si mnaona, hawajui", lakini ncha zote mbili ni kupoza. Wanachobishania ni kiasi.

Na wale wa "basi moshi uachwe": Shirika la Afya Duniani linakadiria uchafuzi wa hewa unachangia vifo kama milioni 7 kila mwaka, kwahiyo lazima usafishwe, kama meli zilivyoshushiwa kiwango cha salfa kwenye mafuta kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5 Januari 2020. Ila hewa ikisafika, joto lililokuwa limefichwa linajitokeza ndani ya muda mfupi, na hewa ukaa bado ipo pale pale. Kwahiyo ile sentensi ya "erosoli zinaongeza joto duniani" naomba muiandike hivi: erosoli kwa jumla zimeficha sehemu ya joto lililoletwa na hewa ukaa, na kati yao masizi ndo yanaongeza.