Saratani ya utumbo mpana inapojitokeza mahali pasipotarajiwa

Kwa kawaida saratani hii husambaa kwenda wapi?
Mara nyingi huenda kwenye ini, kwa sababu damu inayotoka matumboni hupitia kwanza huko kabla ya kufika kwenye moyo, na chembe za saratani zilizobebwa na damu hiyo hunasa humo na kuota. Mapafu na utando wa ndani ya tumbo hufuata. Takribani mgonjwa mmoja kati ya watano hugunduliwa ugonjwa ukiwa tayari umesambaa.

Mbona ndugu yangu ana uvimbe kwenye mapafu, na ini lake ni zima?
Ulizeni saratani ilianzia wapi. Baadhi ya mishipa ya sehemu ya chini ya puru, karibu na njia ya haja kubwa, haipiti kwenye ini kabisa, bali hurudisha damu moja kwa moja kwenye moyo, nao huisukuma mapafuni. Vilevile, mishipa inayozunguka uti wa mgongo haina vali za kuzuia damu kurudi nyuma, hivyo mtu anapokohoa au kujikamua, damu yake inaweza kugeuza mwelekeo. Oscar Batson wa Marekani aliieleza njia hii mwaka 1940 alipotafuta sababu ya saratani kufika kwenye pingili za mgongo.

Je, uvimbe wa kitovu unaweza kuwa dalili?
Unaweza, ingawa ni nadra, na wengi wenye kitovu kilichotokeza wana ngiri tu. Ngiri kwa kawaida ni laini na hurudi ndani ikibonyezwa, lakini uvimbe wa saratani huwa mgumu, haurudi, na wakati mwingine ngozi yake huwa nyekundu au huchubuka na kutoa majimaji. Aliyeutambua alikuwa muuguzi, Sista Mary Joseph Dempsey, msaidizi wa daktari wa upasuaji William Mayo huko Rochester, Minnesota. Alipokuwa akisafisha ngozi ya tumbo la wagonjwa kabla ya kupasuliwa, vidole vyake viligusa kinundu hicho, naye akaona kwamba wenye nacho walikuwa na saratani iliyokwisha kuenea tumboni. Tangu mwaka 1949 kinundu hicho kinaitwa kwa jina lake, na kwa maoni yangu heshima hiyo ilimstahili. Tezi ngumu isiyouma juu ya mtulinga wa kushoto nayo ionyeshwe kwa daktari mapema, maana mrija mkuu wa limfu (majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi) kutoka tumboni humwagia upande huo.

Ikionekana kwenye ovari, je, imegeuka kuwa saratani ya ovari?
Hapana. Chembe hizo bado ni za utumbo, popote zilipotua, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya utumbo. Chini ya hadubini, hata hivyo, uvimbe huo unaweza kufanana sana na ule ulioanzia kwenye ovari yenyewe, na ndiyo maana mtaalamu wa maabara hukipaka kipande cha nyama rangi maalumu zinazoonyesha asili yake. Mwanamke mwenye uvimbe wa ovari ambaye pia ameona damu kwenye choo, au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, amweleze daktari kabla ya upasuaji, hata kama hakuulizwa.