Kiingereza cha kila siku kwa wazungumzaji wa Kihindi: naanza na kuomba

Wanafunzi wangu wapya wanaozungumza Kihindi huniomba kwanza orodha ya maneno. Siwapi. Mtu aliyekulia Lucknow au Patna, miji ya India, ana maneno mengi ya Kiingereza mdomoni tayari: "ticket", "doctor", "bottle", "time". Anayachanganya na Kihindi chake kutwa nzima. Kinachompa shida ni kuomba, kukataa na kushukuru kwa namna isiyomkwaza anayemsikiliza.

Kwenye kuomba ndiko tunakokaa zaidi. Adabu ya Kihindi imo ndani ya kitenzi chenyewe. Ukitaka maji kwa mtoto unasema "paani de". Kwa rafiki, "paani do". Kwa mtu unayemheshimu, "paani dijiye". Huyo wa tatu keshapewa heshima yake yote, huna haja ya kuongeza neno. Sasa mwanafunzi anaichukua sentensi ileile na kusema "Give me water". Kitenzi cha Kiingereza hakibadiliki mwishoni kumheshimu mtu, kwa hiyo ombi la adabu linasikika kama amri. "Mujhe chai chahiye" haimuudhi muuza chai wa Delhi, lakini "I want tea" humfanya mhudumu wa London akuone mkavu. Sisi Waswahili tunalielewa hili upesi, maana ugenini mtu haambii wenyeji "nataka chai", anasema "naomba".

Kwa hiyo nafundisha sentensi nzimanzima: "Could I have some water, please?" "I'd like a tea, please." Sarufi ya "could" inangoja siku nyingine. Mmoja anakuwa muuzaji, mwingine mteja, kisha wanabadilishana, mpaka maneno yatoke bila kupitia Kihindi kwanza.

Yapo pia maneno ambayo Kiingereza cha India kimeyapa maana yake. "Pass out" India ni kuhitimu masomo; Uingereza ni kuzirai, na hilo linaweza kuzua mkanganyiko kwenye usaili wa kazi. "Prepone", yaani kuwahisha kikao kabla ya muda uliopangwa, ni neno zuri na ningependa dunia nzima ilichukue. Simkatazi mtu kuyatumia nyumbani kwao. Kiingereza cha India ni Kiingereza kamili. Mwanafunzi ajue tu nani atamwelewa na nani hatamwelewa.

Nyakati zina mitego yake. "Kal" ni jana, na ni kesho pia. Kitenzi ndicho kinachoonyesha ni ipi. Nako "main jaanta hoon", yaani najua, humalizikia na "hoon", ambayo wanafunzi wamezoea kuitafsiri "am". Ndiyo sababu unasikia "I am knowing". Nawapa "I know", "I have" na "I understand" wazikariri zilivyo.

Matamshi nayagusa mwishoni, na sauti mbili tu ndizo ninazozikazania: "v" na "w", kwa sababu Kihindi kinaziandika kwa herufi moja, व. Kwa "v", meno ya juu yaguse mdomo wa chini. Kwa "w", midomo iviringike, meno yakae mbali. Kila mtu anasema "very well" akijitazama kwenye kioo cha simu yake, taratibu kwanza, kisha kwa kasi ya mazungumzo.