Simu yako haina kosa, zima taa

Wiki iliyopita dada mmoja anayeuza vitenge mtandaoni alinifuata Sanawari, hapa Arusha, akiwa na simu mpya. Alikuwa amechomoa shilingi milioni moja na laki mbili kwenye mtaji akanunua simu ya kamera tatu, kwa sababu wateja walikuwa wanamlalamikia rangi. Kitenge kwenye picha ni njano ya haradali, kinafika Dodoma kwa basi, mteja anafungua mzigo palepale stendi anakuta njano ya limau, anaukataa. Gharama ya kwenda na kurudi inamwangukia muuzaji. Sasa ana simu mpya na malalamiko ni yaleyale. Akaniuliza: "Kaka, au ningechukua ile ya bei ya juu zaidi?"

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na kila mara naumia, kwa sababu aliye mbele yangu ameshatoa pesa. Napiga picha za bidhaa Arusha huu mwaka wa tisa: viatu, asali, kahawa, shanga, sufuria, vito. Sijawahi kukutana na muuzaji ambaye tatizo lake la rangi lilitibiwa na simu mpya. Hata mmoja.

Kesho yake nilikwenda kwake. Sebule ina dirisha moja kubwa upande wa kushoto, ukuta umepakwa kijani cha majani ya mgomba, na katikati ya dari kuna balbu ya mwanga wa njano. Saa sita mchana, balbu inawaka. "Naiwasha ili picha isiwe na giza," akaniambia. Kitenge alikitundika ukutani kwa misumari miwili. Akapiga, tukatazama. Upande wa dirishani ile njano ilikuwa imepoa, inakaribia limau. Upande wa chini ya balbu ilikuwa haradali kabisa. Kitambaa ni kimoja, doti moja, rangi mbili.

Nikazima balbu. Nikavuta meza hadi hatua moja kutoka dirishani, nikatandika kitenge juu ya manila nyeupe, nikamwomba ile simu ya zamani aliyokwisha kumpa mtoto achezee, ambayo kioo kimepasuka pembeni. Nikafuta lenzi kwa ncha ya shati, nikapiga. Tukaiweka simu kando ya kitambaa. Njano ya limau hapa, njano ya limau pale. Alinyamaza muda mrefu.

Kilichotokea ni hiki, na naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo fedha zenu zinapopotelea. Mwanga una rangi, na rangi hiyo inapimwa kwa Kelvini. Balbu ya njano iko kwenye 2,700 hadi 3,000. Mwanga wa jua la mchana uko karibu na 5,500. Kivulini, ambako kinachokumulika ni anga peke yake, inapanda 7,000 na zaidi. Namba ikiwa ndogo mwanga ni wa njano, ikiwa kubwa mwanga ni wa buluu. Ubongo wetu unasawazisha tofauti hiyo bila kutuomba ruhusa, ndiyo maana ukikaa chini ya balbu shati jeupe unaliona jeupe tu. Kamera nayo inajitahidi kusawazisha, ila inachagua aina moja ya mwanga kwa picha nzima. Ukiwa umeiwekea miwili, dirisha na balbu, itafuata mmoja na kuukosea mwingine, au itashika katikati na kuikosea yote. Kamera ya laki mbili inafanya hivyo. Kamera ya milioni tano inafanya hivyo. Mimi kamera yangu kubwa inafanya hivyo.

Kwa hiyo taa ya dari izime. Ukitaka kutumia taa kwa sababu unapiga usiku baada ya kazi, funga pazia, tumia taa za aina moja tu, zote zilizoandikwa namba moja ya Kelvini kwenye boksi. Na tahadhari na zile balbu za bei ya chini kabisa: nyingi zina upungufu wa wekundu ndani ya mwanga wenyewe. Nyekundu inafifia inakuwa kama tofali, na hakuna programu ya kuhariri itakayorudisha kitu ambacho taa haikukitoa.

Watu wakinisikia nasema dirisha, wanarudi na ushauri wa vitabuni: tafuta dirisha linalotazama kaskazini, halipigwi na jua. Ushauri huo uliandikwa na watu wanaoishi kaskazini ya mbali, London na kwingineko, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Juni jua letu linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, na karibu na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini. Dirisha lililokupa mwanga laini Desemba litakuchoma Juni. Usijifunze upande wa dirisha. Weka mkono juu ya meza, tazama kivuli chake: kikiwa na kingo kali kama kimekatwa kwa mkasi, jua linaingia moja kwa moja, tundika pazia jeupe jepesi au shuka. Kingo zikiwa zimeyeyuka, anza kazi. Miezi ya Juni na Julai, mawingu yanapoufunika mji asubuhi nzima na Mlima Meru hauonekani, kila mtu analalamikia baridi. Mimi ndiyo miezi yangu ya kupiga nguo nje barazani, anga lote limekuwa taa moja kubwa.

Lakini iwe nje au ndani, angalia kinachokuzunguka. Ukuta wa kijani unarudisha kijani. Bati la jirani lililopakwa buluu, jua likilipiga, linamwaga buluu ndani ya chumba chako, na utalaumu simu. Yule dada ukuta wake ulikuwa unatia kijani kwenye kila kitenge cheupe alichowahi kupiga. Kuhama nyumba hakuhitajiki. Simamisha manila nyeupe nyingine upande wa pili wa bidhaa, mkabala na dirisha, itazuia rangi ya ukuta na itarudisha mwanga kwenye upande wenye kivuli.

Sasa jambo la pili linalonikera. Nguo nyeusi inatoka kijivu, nguo nyeupe inatoka kijivu, kisha mtu anaweka filta. Kamera haijui umeweka nini mbele yake. Inapima mwanga na kuuvuta kuelekea ukati, si nyeusi si nyeupe. Ukiijazia gauni jeusi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Ukiijazia shuka jeupe inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Gusa bidhaa kwenye kioo, shikilia kidole hadi fokasi ijifunge, kisha telezesha kale kajua kanakojitokeza: nyeupe panda juu, nyeusi shuka chini. Inachukua sekunde tatu. Filta inabadilisha kila kitu kwa pamoja, pamoja na ile rangi uliyoipata sahihi kwa jasho.

Nyekundu ina ugomvi wake peke yake. Shuka za Kimaasai na shanga nyekundu, zinazouzwa sana hapa mjini, zinaielemea kamera. Picha kwa jumla inaonekana ina mwanga wa kutosha, lakini ile nyekundu imeshajaa hadi imebaki bapa, huoni uzi wala mstari wala shanga moja moja. Shusha kale kajua kidogo kuliko unavyodhani ni sawa, hadi nyuzi zijitokeze, halafu ongeza mwanga wa sehemu nyingine wakati wa kuhariri. Na kwa shuka usitumie ile taa ya duara ya kusimamisha mbele ya uso. Inamulika usoni mwa kitambaa, vivuli vyote vinakufa, na kitambaa kizito kinaonekana kama karatasi. Mwanga ukitoka ubavuni, kwa chini kidogo, kila uzi unatupa kivuli chake na mteja anauhisi uzito kwa macho. Taa hiyohiyo kwenye sufuria na chupa inachora duara jeupe katikati ya bidhaa.

Mengine nitayapita haraka. Asali na mafuta, mwanga utoke nyuma ya chupa, zitawaka zenyewe. Flashi ya simu, sahau. Kiatu usikipige kwa kukisogelea, pua yake itavimba. Rudi nyuma hatua mbili utumie zumu ya mara mbili. Mtumba wa soko la Memorial wenye doa, lipige picha doa kwa karibu na uliseme. Mnaoficha mnatuharibia soko sote. Saizi iwe na ushahidi, laza futi ya fundi cherehani kando ya nguo. Picha ya kumpelekea mteja kwa WhatsApp itume kama dokumenti, isibanwe. Na picha uliyoichukua kwenye ukurasa wa kiwanda cha China si picha ya mzigo wako.

Kuhusu mandhari meupe, nimebadilika. Miaka ya mwanzo nilimlazimisha kila mteja apige kila kitu juu ya nyeupe tupu. Leo nasita. Sufuria juu ya nyeupe inapendeza kwenye katalogi, lakini nimeona wauzaji wa vyombo wakipata maswali mengi zaidi ya kununua pale sufuria ilipokuwa jikoni, juu ya jiko la mkaa, kando ya mwiko. Labda ni kwa sababu mtu anapata kipimo cha ukubwa, labda kwa sababu anaamini kweli unayo. Sasa napiga zote mbili na kumwachia muuzaji apime kwa wateja wake.

Huwa nawaambia wauzaji waweke karatasi nyeupe kando ya bidhaa kwenye picha ya kwanza, ili waifuate wanaposahihisha rangi wakati wa kuhariri. Nayo ina mushkeli. Karatasi nyingi za kuchapia hutiwa kemikali za kuzing'arisha, na karibu na dirisha zinaelekea buluu kidogo. Ukisahihisha kwa kuifuata, bidhaa inapata unjano kidogo. Kwa vitenge haisumbui. Kwa vito inasumbua.

Na kwenye vito kuna tanzanite. Mfanyabiashara mmoja aliniletea pete, akakataa picha zangu mara mbili kwa sababu "jiwe si la rangi hii". Nililipeleka dirishani mbele yake, likawa buluu. Nikaliweka chini ya balbu ya zamani ya waya, likageuka zambarau. Jiwe la Mirerani ndivyo lilivyo: linabadilika kwa mwanga, na hata ukilizungusha kwenye mwanga uleule linatoa rangi tofauti kila upande. Hakuna picha moja ya kweli ya tanzanite. Tulipiga mbili, moja ya dirishani na moja ya balbu, tukaandika chini yake ipi ni ipi.

Zambarau ya kitambaa ndiyo inayonishinda hadi leo. Kuna rangi za nguo ambazo jicho linaona zambarau na kamera inaona buluu, hata mwanga ukiwa safi, hata karatasi ikiwa sahihi. Nahariri, nakaribia, sifiki. Na hata nikifika, kioo cha simu ya mteja aliyeko Mwanza kina rangi zake. Yule dada alikuwa na doti moja ya namna hiyo, tukaihangaikia dakika arobaini barazani kwake. Mwisho alichukua simu ya kioo kilichopasuka, akaipandisha picha jinsi ilivyo, na chini yake akaandika: "Kwenye picha inaelekea buluu. Ukiishika ni rangi ya bilinganya iliyoiva." Mteja wa kwanza aliandika akiuliza kama zipo doti mbili.