Je, piano haiwezi kupiga maqam?

Wengi huamini kwamba mpiga piano wa jazi hawezi kuchanganya muziki wake na maqam za Kiarabu (mipangilio ya sauti ambayo nyimbo hujengwa juu yake), zile tunazozisikia pia katika taarabu ya Unguja, kwa sababu piano haina robo sauti, yaani nusu ya hatua ndogo kabisa kati ya funguo zake.

Imani hiyo ina ukweli ndani yake. Piano hugawa oktava katika nusu sauti 12, na maqam kama Rast na Bayati zina sauti zinazoangukia katikati ya funguo mbili. Udi, ala ya nyuzi, hauna kikwazo hicho: kidole hutua popote shingoni mwake. Lakini maqam za Nahawand na Kurd hupigika kwenye piano ya kawaida, hata Hijaz, ingawa mpiga udi mwenye sikio kali huzivuta sauti zake kidogo.

Keti kwenye kinanda chochote, bonyeza polepole D, E flati, F shapu, kisha G. Ule mruko wa katikati ndio Hijaz yenyewe, na inapendeza mno! Kwa Rast, fungua programu ya kutyunia gitaa kwenye simu, mpiga udi apige: utaona mshale ukisimama kati ya noti mbili. Na vipo vinanda vya umeme vinavyoweza kushusha noti moja kwa robo sauti.