Kantangaze: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Dhana inayowagharimu wakulima zaidi ni hii: kila mchoro kwenye jani la nyanya ni kazi ya inzi mchimba majani. Sivyo. Buu wa inzi huyo huacha njia nyembamba inayojipinda kama nyoka. Kantangaze, au Tuta absoluta, ni nondo. Kiwavi wake hula nyama ya jani kati ya ngozi ya juu na ya chini, hadi pabaki baka pana linalopitisha mwanga, na ndani yake kinyesi cheusi. Pasua baka hilo. Ukikuta mdudu mwenye kichwa cha kahawia, ukanda mweusi nyuma yake na miguu, huyo si inzi, maana buu wa inzi hana miguu wala kichwa cha kuonekana.

Wapo wanaoamini wanamtambua nondo mwenyewe kwa kumtupia jicho. Ana urefu wa milimita 5 hadi 7, rangi ya kijivu yenye madoa meusi, na papasi (vipembe vya kichwani vya kupapasia) kama uzi. Tatizo ni kwamba nondo wa viazi anafanana naye mno. Kwa uhakika kamili, wataalamu huchunguza viungo vya uzazi kwa hadubini au hupima vinasaba. Ndiyo maana mimi hulitegemea baka kuliko mbawa.

“Kantangaze ameletwa na mbegu za kisasa,” husema wengine. Hapana, mbegu hazimbebi. Alielezwa kisayansi mwaka 1917 na Edward Meyrick kutokana na nondo wa Peru, na kwa miongo mingi akabaki Amerika Kusini. Mwaka 2006 alionekana Uhispania, 2008 akawa Afrika Kaskazini, na 2014 akathibitishwa Kenya na Tanzania. Husafiri ndani ya matunda, kwenye miche na kwenye makreti yasiyosafishwa.

Mtego wa harufu, ule unaoiga harufu ya jike, nao husifiwa kupita kiasi. Unavuta madume tu. Kazi yake kubwa ni kukuonya kwamba kantangaze amefika; jike hanaswi, naye anaweza kutaga mayai zaidi ya 200.

Na kantangaze haishi kwa nyanya pekee. Viazi mviringo, bilinganya na hata mnavu humlisha, kwa hiyo shamba lililovunwa likiachwa na mnavu pembeni, bado linaweza kuwa na kantangaze.