Je, wajua kwa nini mguu huuma ilhali tatizo liko kiunoni?

Mtu anainama kuvaa soksi, anapiga chafya, na papo hapo kitu kama shoti ya umeme kinashuka kutoka takoni, kinapita nyuma ya paja na kuishia karibu na kifundo cha mguu. Anaukanda mguu, anaupaka dawa ya kuchua, anaufunga bendeji. Haupoi, kwa sababu mguu wenyewe ni mzima. Kilichoguswa kiko juu zaidi, kwenye pingili za chini za uti wa mgongo. Hiyo ndiyo sayatika.

Neva ya sayatika ndiyo nene kuliko neva zote mwilini. Mahali ilipo pana hukaribia upana wa kidole gumba. Inaundwa na mizizi mitano inayochomoza chini ya mgongo, kisha inapita ndani ya tako, inashuka nyuma ya paja, na ikikaribia goti inagawanyika: tawi moja linaelekea shavu la mguu na unyayo, jingine upande wa nje wa muundi na juu ya wayo. Mzizi ukibanwa kiunoni, ubongo haujui hivyo. Ni kama kengele ya nyumba: waya ukiguswa njiani, aliye ndani hufikiri kuna mgeni mlangoni. Ubongo nao husoma kwamba kuna shida kule nyuzi za neva zinakoishia.

Ndiyo maana daktari mzuri huuliza kwa undani maumivu yanapita wapi. Yakipita nje ya muundi hadi juu ya wayo na kwenye kidole gumba, na mgonjwa akashindwa kutembea kwa visigino, mzizi wa tano wa kiuno hushukiwa. Yakipita kwenye shavu la mguu hadi ukingo wa nje wa wayo na kidole kidogo, na kusimama kwa ncha za vidole kukawa kazi, hushukiwa mzizi unaofuata chini yake. Kuna pia kipimo kisichohitaji mashine: mgonjwa analala chali na mguu unainuliwa ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka kupita goti mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, huenda mzizi wa neva umevutwa. Ukihisi tu kukazwa nyuma ya paja, mara nyingi hiyo ni misuli.

Mara nyingi kinachobana ni diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili. Ganda lake la nje likichanika, kiini laini cha ndani hutokeza na kuugusa mzizi. Hilo lilieleweka vizuri mwaka 1934, pale Mixter na Barr, madaktari wa Boston, walipochapisha taarifa za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji na kukutwa diski zimepasuka. Lakini kubanwa peke yake si hadithi yote. Kiini kile kina kemikali zinazoamsha uvimbe, na mzizi uliovimba huuma vibaya hata ukiguswa kidogo. Kwa wazee sababu huwa nyingine: njia ya neva imesinyaa kwa miaka mingi ya kuota mifupa na kunenepa kwa mishikizo, yaani kano zinazoshikanisha mifupa. Tofauti huonekana kwa mkao. Mwenye diski mara nyingi huteseka akikaa au kuinama. Mwenye njia iliyosinyaa huumia akisimama au kutembea, na hupata nafuu akikaa au akiinamia kitu mbele yake.

Basi kila mwenye maumivu akapigwe MRI, ile picha ya ndani ya mwili ya mashine ya sumaku? Hapana, na hapa watu wengi hupoteza pesa na usingizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 uliwapiga MRI watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu walikutwa na angalau diski moja iliyotuna. Ripoti inayosema diski imetoka inaweza kuwa inaeleza umri wako tu. Picha ina maana pale majibu yake yanapoweza kubadilisha matibabu, kwa mfano upasuaji unapofikiriwa.

Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Mwili huitambua ile sehemu ya diski iliyotoka kuwa kitu kigeni, na chembe za kinga huila kidogo kidogo. Ajabu ni kwamba vipande vikubwa, hasa vilivyokatika kabisa, ndivyo huyeyuka kwa urahisi kuliko uvimbe mdogo ambao bado umefunikwa na ganda.

Wakati mwili unafanya kazi hiyo, wewe usilale kitandani mchana kutwa. Siku moja au mbili za kupumzika hazina neno. Zaidi ya hapo misuli hulegea, na majaribio yameonyesha kwamba kulala hakumponyi mtu haraka kuliko kuendelea na shughuli zake kwa kadiri anavyoweza. Tembea kwa vipindi vifupi, badili mkao mara kwa mara. Ukilala, jaribu ubavu na mto katikati ya magoti, au chali huku miguu imeegeshwa juu ya kiti. Ukiona maumivu yanapanda, yaani yanaacha wayo na shavu la mguu na kubaki kiunoni, usiogope hata kama kiuno kinauma zaidi. Wataalamu wa fiziotherapia huichukulia hiyo kuwa dalili nzuri. Zoezi linaloyasukuma maumivu chini zaidi liache.

Dawa husaidia, ila kwa kiasi. Zile za jamii ya ibuprofeni huwafaa baadhi ya watu, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba aulize kwanza. Pregabalini, ambayo huandikwa sana kwa maumivu ya neva, ilijaribiwa Australia kwa wagonjwa wa sayatika na matokeo yakatoka mwaka 2017: haikushinda kidonge kisicho na dawa, na ilileta kizunguzungu zaidi. Upasuaji nao huondoa maumivu ya mguu mapema, lakini utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa mapema na walioanza kwa kusubiri walikuwa karibu sawa, ingawa takriban wanne kati ya kumi wa kundi la kusubiri hatimaye walipasuliwa pia.

Kuna hali isiyongoja hata asubuhi. Ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mkojo kugoma au kutoka bila kujijua, haja kubwa kuponyoka, au miguu yote miwili kuishiwa nguvu: nenda hospitali saa hiyohiyo. Fungu zima la neva linabanwa, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu. Wayo unaoburuzika nao uonwe haraka.

Kwenye kinga, mikanda ya kiuno na soli maalumu za viatu huuzwa sana kuliko zinavyosaidia. Kilichoonyesha faida kwa maumivu ya mgongo kwa jumla ni mazoezi. Utafiti mwingine wa Australia, wa mwaka 2024, uliwafuatilia watu 701 waliokuwa wametoka kupona mgongo: nusu ya walioandaliwa mpango wa kutembea walikaa angalau siku 208 kabla ya maumivu kurudi, na nusu ya wenzao wasio na mpango huo angalau siku 112. Acha sigara pia, maana inahusishwa na sayatika. Kubeba mzigo huku unajipinda huongeza hatari. Geuza miguu, usigeuze kiuno. Na asubuhi usikimbilie kuinama: usiku diski hunyonya maji na kujaa, hata urefu wako huongezeka kidogo, kwa hiyo kuinama saa ya kwanza huzikaza zaidi. Kazi za kuinamia sakafu zinaweza kusubiri.

Ile pochi nene ya mfuko wa nyuma nayo hukandamiza neva kutoka nje, kwenye tako, hasa kwa dereva anayekaa saa nyingi. Itoe kabla ya kukaa.